Mstari wa Katikati

Kila mwezi wa Machi, kabla wageni hawajaamka,
nasukuma toroli la chokaa uwanjani.
Mistari mingine wanapiga vijana.
Huu wa katikati ni wangu, mwaka wa kumi na tisa sasa,
maana, meneja asema, ndio unaopigwa picha.

Hapa Macapá goli moja liko kaskazini mwa dunia,
goli la pili liko kusini.
Kipa wetu Jurandir akifungwa matatu
husema nusu ile ya dunia ina upepo mbaya.

Alfajiri Iracilda alinipigia simu kutoka Tromsø.
Sauti ya mwanangu ilikuwa na mafua na furaha.
“Baba, theluji inadondoka kutoka paani, tone, tone.
Majirani wametoa viti nje, na skafu zao shingoni,
wamelielekezea jua nyuso, wamefumba macho
kama watu waliosamehewa.
Kuna ua moja la manjano limechomoza kando ya bomba.
Machipuko, baba! Na huko?”

Na huko.
Huku nyasi haziombi ruhusa.
Nikizikata Jumatatu, Alhamisi zimenishika vifundo.
Huku jua ni karani wa serikali:
saa kumi na mbili na nusu anaingia,
saa kumi na mbili na nusu anatoka,
hachelewi, hapandishwi cheo.
Nani atashangilia usiku kulingana na mchana
wakati haujawahi kutokea ugomvi?

Nilimwambia habari za mto.
Mwezi huu ni mto unaobadilika.
Maji yamepanda ngazi za Dona Zulmira,
ameiweka friji juu ya matofali manne
na anakaanga samaki akiwa amevaa buti.
“Bado mkaidi?” Iracilda akauliza.
Bado.

Saa sita na nusu, watu tele kwenye mnara.
Jua lipite kwenye tundu lile la juu, ndiyo ahadi.
Ngoma zipo, mheshimiwa yupo na kipaza sauti kibovu,
mgeni mmoja amechuchumaa, jasho tupu,
anasimamisha yai.
Likaja wingu. Si kubwa. La ukubwa wa kutosha.

Mtoto akamvuta mama yake sketi:
“Kivuli changu kimekwisha?”
“Kimekwisha, mwanangu, kama tulivyokuambia.”
“Na cha nguzo? Na cha yule mbwa?”
Mama akatazama juu, akacheka mpaka akaketi chini.

Mimi nilikuwa nimebaki uwanjani, peke yangu,
mguu mmoja huku, mguu mmoja kule.
Wingu likapasuka kwa dakika moja, labda mbili.
Nikatazama chini: sikuwa na kitu.
Giza dogo tu chini ya ukingo wa kofia,
na viatu vyangu, vyeupe kwa chokaa,
vya mtu ambaye hajawahi kusafiri.

Simu ikatetemeka. Picha.
Kivuli cha Iracilda juu ya theluji,
kirefu, miguu kama ya korongo,
kimevuka uzio, kimegusa mlango wa jirani.
Nikakitazama sana.
Kumbe ndiko vivuli vyetu vinakokwenda.

Nikamwandikia, kidole kikiteleza kwenye kioo:
Limepita hapa sasa hivi. Limevuka mstari wangu.
Linakuja huko. Lipokee, na uvae soksi.

Kisha mvua. Mvua ya Machi haianzi, inaanguka.
Chokaa ikageuka maziwa, maziwa yakawa tope,
na vijana, badala ya kukimbia,
wakaingia na mpira, pekupeku, wakipiga mayowe,
kumi na wanane hivi, bila upande.
Jurandir akafungwa kwenye goli ambalo
hakuna aliyejua tena liko dunia gani.

Chokaa imebaki mifuko miwili.
Kesho nitauliza ya tatu.